Haki ya Njia: Funzo Kutoka Bagamoyo

Mji wa Bagamoyo ulijengwa kwa miguu ya watu. Katika karne ya 19, kabla ya reli na motokaa kufika kwetu, hapo ndipo ilipokomea njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua pembe za ndovu mabegani kwa miezi. Wala tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo waliswagwa wanadamu wenzetu waliotekwa. Mmoja wa watoto walioletwa utumwani pwani kutoka upande wa Kongo ndiye aliyekuja kuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, khalifa wa tarika ya Kadiria, aliyefariki Bagamoyo mwaka 1931 akiwa mwanachuoni aliyeheshimiwa pwani nzima.

Mji wa watu waendao kwa miguu hupata umbo lake. Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo mitaa ni myembamba, nyumba za mawe zina baraza mbele, na msikiti, soko na forodha havikuwa mbali. Mzee aliyeketi barazani alisalimiwa na kila mpita njia, na mtoto aliyetumwa dukani alilindwa na macho ya mtaa mzima.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Mwaka 1905 ikaanza kujengwa huko reli ya kati, ikafika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa na biashara ya Bagamoyo ikapooza. Mji ukabaki mdogo, na kwa udogo huo ukabaki mji wa kutembea.

Ama Dar es Salaam ilikwenda njia nyingine. Wakoloni waligawa mji kwa rangi za watu, na baina ya Uhindini na Kariakoo Waingereza wakaacha uwanja wa Mnazi Mmoja, uwe mpaka wa kuwatenga. Lakini Kariakoo ilikuwa hatua chache tu, na wananchi wakaugeuza mpaka ule kuwa mahali pa kukutana. Basi tuone: uwanja hupata faida pale miguu ya watu inapoufikia.

Mwaka 1967 Dar es Salaam ilihesabiwa watu 272,821. Mwaka 2022 walizidi milioni 5.3. Mji umenyooka kaskazini, Mwenge, Tegeta hadi Bunju, ukiifuata barabara ya Bagamoyo. Nyumba ziko mbali na kazi, na mwenye uwezo huona hana budi kununua motokaa. Asiye nayo, naye ndiye wengi, hutembea ukingoni mwa lami akiwa ameshika mkono wa mwanawe. Hapana shaka dawa ipo: mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 baina ya Kimara na Kivukoni, njia za waendao kwa miguu zilijengwa pamoja nayo.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Masahaba kwamba njia ina haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia na udhia na kuitikia salamu. Alifundisha pia kuwa kuondoa kinachodhuru njiani ni katika imani. Na Bani Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, aliwataka wabaki makwao, kwa kuwa hatua zao huandikwa.

Basi anayeegesha gari lake juu ya njia ya miguu, akamlazimisha bibi kizee kushuka barabarani, amefanya udhia, hata kama anawahi sala ya Ijumaa. Na wanaokata kiwanja cha wazi cha mtaa wakakiuza wamewanyang'anya watoto wa watu wote.

Bagamoyo nayo sasa inakua, na magari yanaongezeka. Enyi wazee wa mitaa na wenye kugawa viwanja, tengeni mapema njia ya miguu, kivuli na uwanja. Nasi wenye magari tusimame, watoto wavuke kwenda chuoni kwa salama.

Wabillahi tawfiq.