Si kila mashine ikizima ni wewe umeharibu
Ukijenga kompyuta ya gemu na ianze kujizima, wasee watakwambia uliunganisha vibaya. Mimi nasema hivi: angalia historia kwanza.

Kati ya 2023 na 2024, watu wengi wenye prosesa za Intel Core i9 za kizazi cha 13 na 14 waliona gemu zikianguka, na ujumbe kwamba memori ya video imeisha. Wakalaumu kadi ya picha. Wakabadilisha RAM, wakaweka Windows upya, wapi! Kumbe shida ilikuwa prosesa yenyewe: ilikuwa inaomba volteji ya juu kupita kiasi, ikijimaliza polepole. Julai 2024 Intel wakakubali. Agosti wakatoa mikrokodi 0x129, inayoingia kupitia BIOS, na waranti ikaongezwa miaka 2.

Lakini dawa hiyo ni ya kukinga tu. Chipu iliyokwisha kuumia haiponi, na kwa macho huwezi kuijua. So ukiuziwa i9 ya mtumba bei ya kutupa, omba risiti na uione ikicheza gemu nzito kabla utoe pesa. Na mpya? BIOS ndiyo kazi ya kwanza, gemu baadaye.