Wapishi na Meza ya Mkoloni nchini India

Katika karne ya 18, maafisa wengi wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India walikula pilau na michuzi ya viungo bila kuona haya. Hali ilibadilika hatua kwa hatua katika karne iliyofuata, hasa baada ya uasi wa 1857 kuzimwa na utawala kukabidhiwa Taji la Uingereza mwaka 1858. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, safari ilifupika, wanawake wa Kiingereza wakaongezeka, na karamu za jioni zikawa mahali pa kuonyesha Uzungu kwa vyakula vya makopo vilivyoagizwa kutoka mbali. Arthur Kenney-Herbert, afisa wa jeshi aliyeandika juu ya mapishi mjini Madras mwaka 1878, alishuhudia mchuzi wa viungo ukipoteza nafasi yake katika karamu hizo.

Hata hivyo, jikoni, ambako kwa kawaida kulikuwa katika jengo la peke yake nyuma ya nyumba, kazi yote ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Khansama alisimamia watumishi na kununua mahitaji sokoni, bawarchi alipika, masalchi aliosha vyombo, na bhishti alileta maji katika kiriba cha ngozi ya mbuzi. Mgawanyo huo ulifuata pia miiko ya dini na tabaka, kwa kuwa Mhindu hakugusa nyama ya ng'ombe wala Mwislamu ya nguruwe, ndiyo maana wapishi Wakristo kutoka Goa walitafutwa sana.

Wapishi wa Kihindi ndio waliounda vyakula vipya. Khichri, yaani mchele uliopikwa pamoja na dengu, iliondolewa dengu na kutiwa samaki na mayai, ikawa kifungua kinywa cha Waingereza kiitwacho kedgeree. Vivyo hivyo, kwa kuwa Waingereza walizoea kuanza mlo kwa supu, mchuzi mwepesi wa Kitamil uitwao milagu tannir, maana yake maji ya pilipili manga, ulitiwa nyama na vitunguu, ukajulikana kama mulligatawny.

Majina hayo yaliingia katika Hobson-Jobson, kamusi ya Henry Yule na A. C. Burnell iliyochapishwa mwaka 1886, ilhali vitabu vya mapishi vilitoka kwa majina ya mabwana na mabibi. Wabunifu wenyewe hawakuandikwa, na ni haki yao kutambuliwa kuwa waasisi wa mapishi hayo.