Mashoka ya Kariandusi na hazina mbili za msimbo
Wadau, pale Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya mawe aliyoyafukua Louis Leakey tangu miaka ya 1920. Mengine ni ya lava, mengine ya obsidiani, umbo lile lile. Sisi waandika programu, kulinganisha hazina mbili tu za msimbo kunatutoa jasho!

Git ilipozaliwa 2005, timu nyingi zilikuwa tayari kwenye Subversion. Daraja likawa git-svn. Kila badiliko linalovuka kwenda Subversion huongezewa mstari kwenye maelezo yake, basi upande wa Git linapata kitambulisho kipya. Kama mwenzako alishachukua lile la zamani, kazi moja itatokea mara mbili. Vusha kwanza, ndipo ugawie wenzako.