Bahasha ya Barua Isiyo na Karatasi

Msomaji, umepata kujiuliza kwa nini barua hutiwa katika bahasha? Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, meli za Ziwa zilichukua barua hadi bandari kama Homa Bay na Karungu. Barua hizo zilipita mikononi mwa makarani, mabaharia na matarishi, lakini bahasha na gundi yake vilitosha kuyafunika yaliyomo.

Mwaka 1914 vita vya Waingereza na Wajerumani vilifika hata Karungu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori. Ng'ambo ya Ziwa, huko Bukoba, Wajerumani walikuwa na mnara wa simu isiyo na waya. Habari ya simu hiyo haina bahasha: huenea angani, na adui mwenye chombo huisikia. Ndiyo sababu majeshi huandika habari zao kwa fumbo, ambalo mwenye ufunguo tu ndiye hulifumbua. Waingereza waliuangusha mnara wa Bukoba mwezi Juni 1915, lakini fundisho lake lingalipo.

Baruapepe nayo ilizaliwa bila bahasha, kwani kanuni za kuipeleka zilizowekwa mwaka 1982 hazikuwa na kificho. Tuseme daktari wa Migori anampelekea mwenzake wa Homa Bay majibu ya damu ya mgonjwa. Usidhani habari hiyo hufuata barabara ya Rongo, la! Hupita kompyuta moja hadi nyingine, huenda ikafika Nairobi au hata Ulaya kabla ya kurudi. Ikienda wazi, anayeinasa njiani aweza kuisoma, na mgonjwa akavunjiwa heshima kijijini kwake.

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walieleza jinsi watu wawili wawezavyo kupatana ufunguo wa siri hali maneno yao yanasikiwa na wote. Mwaka 1999 ikatolewa kanuni ya kuifunika baruapepe kwa usimbaji. Kompyuta inayopeleka huiuliza inayopokea: Je, wajua kusimba? Ikijibu ndiyo, hupatana ufunguo, na maneno yote hugeuzwa kuwa mvurugo. Mwizi wa njiani huambulia makapi matupu.

Hata hivyo tusijidanganye. Kompyuta moja isipojua kusimba, mara nyingi barua hupita wazi. Tena kinga hii ni ya njiani tu. Barua ikifika kituoni hufumbuliwa. Wahenga walisema, siri ya mtungi iulize kata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, hulinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Lakini sheria na usimbaji havitamfaa mgonjwa yule, ikiwa barua yake imeachwa wazi mbele ya wapita njia. Basi nawe, utakapokabidhiwa siri ya mwenzako, kumbuka kwamba mwisho wa safari bahasha ni wewe.