Nani alishona koti yako? Historia fupi ya nguo za wanaume kwetu



Mu mkutano uliopita kulikuwa mabishano. Komite ilileta shauri ya kununua mashemizi na makoti kwa ajili ya wazee wanaotusimamia ku misiba na ku sherehe za kukumbuka siku tuliyorudi. Yakatoka mawazo matatu. Wa kwanza walisema tufungue balo ya mitumba, bei yake iko chini. Wa pili walisema tutume kwa wafanyabiashara wanaoleta makoti mapya toka Dubai. Wa tatu, nao walikuwa wachache, waliuliza: kwa nini tusiwape kazi mafundi wetu, wanachama wenzetu wenye kushona chini ya baraza?

Papa moja akajibu: "Fundi wa hapa ni wa kushonea watoto wa masomo. Koti ya maana inatoka ku inje." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani ile neno ilinikatalia usingizi. Tangu lini koti ya maana inatoka ku inje? Na ile ya inje, nani aliishona, na alilipwa nini? Njo nikaandika haya.

Wakati nguo ilitoka ku miti

Mbele ya Wazungu, mbele ya misafara ya pwani, babu zetu hawakuwa uchi kama vitabu vingine vilivyotufundisha. Ku Maniema, kwa Wasongye, na kwa Wakuba wa Kasai, watu walifuma kitambaa cha raffia, yaani nyuzi zinazochanwa toka majani ya mti wa jamaa ya mchikichi. Kwa Wakuba, wanaume njo waliofuma, na wanawake wakatia nakshi kwa sindano. Kitambaa kimoja chenye nakshi kiliweza kukula miezi mingi ya kazi. Ilikuwa nguo, ilikuwa mali ya kuoa, ilikuwa ya kulipia kosa, ilikuwa na franga pia. Na aliyeivaa alijua mkono ulioifanya, kwa sababu ulikuwa mkono wa ndugu ao wa jirani.

Katika karne ya 19 misafara ya Zanzibar ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia kwetu. Ilileta merikani. Wazee bado wanatumia hili jina bila kufikiri linatoka wapi: ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kule Marekani, ku viwanda vya Massachusetts. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa ile inchi. Kiisha kitambaa kilizunguka bahari na kuja kwetu kununua pembe za ndovu, na kununua watu. Kitambaa kilichotoka ku jasho la watumwa kilikuja kutafuta watumwa wengine. Mwanaume aliyejifunga merikani pale Ujiji alionekana mutu mukubwa. Hakuna aliyemwambia kilitoka wapi.

Pamba ya fimbo

Ile wakati ya Wabelgiji, tulianza kulima pamba sisi wenyewe. Mwaka 1917 serikali ya koloni ilitoa sheria ya kulazimisha vijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa. Kila mwanaume alipaswa kutoa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia zikapandishwa mpaka 120. Kampuni kubwa ya pamba, Cotonco, ilianzishwa mwaka 1920. Bei ya pamba haikupangwa na mwenye shamba. Asiyelima aliona fimbo, ao kifungo.

Kwetu pia pamba ililimwa, ku bonde la Ruzizi. Viwanda vikajengwa: Utexléo ku Léopoldville, na Filtisaf ku Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie. Kitambaa cha Filtisaf kilivaliwa pande zote mbili za ziwa, na kuko wazee wanachama wetu wanaokisifu mpaka leo kwa ugumu wake. Wana haki ya kukisifu. Wafumaji wake walikuwa watu wetu, na walijua kazi. Lakini tuseme yote: nguo inaweza kuwa ngumu na nzuri, na aliyelima pamba yake akabaki na shati moja yenye viraka.

Abacost: chini ya koti, juu ya nani?

Uhuru ulipokuja, wakubwa walivaa vesti na kravati sawasawa na Wabelgiji. Kiisha Mobutu akaleta siasa ya "authenticité". Inchi ikaitwa Zaïre mwaka 1971, majina ya Kikristo yakakatazwa, na kravati nayo ikafukuzwa. Mahali pake pakaja abacost, koti isiyo na kravati. Jina lake linatoka ku Kifaransa, maana yake "vesti ianguke". Ndugu zetu waliokuwa Tanzania wanajua koti ya ukoo huo: kaunda suti.

Ile wakati ilikuwa mavuno kwa mafundi. Kila mwalimu, kila karani, kila mwanachama wa chama alihitaji abacost, na ni fundi wa pembeni aliyeikata. Lakini sikilizeni hii: abacost za wakubwa, zile za bei kali, zilikuwa zikishonwa Ubelgiji, ku Zellik, karibu na Bruxelles, ku nyumba inayoitwa Arzoni. Nguo ya kukataa Mzungu ilishonwa kwa Mzungu. Kumbe ile neno ya papa wetu mu mkutano, kwamba koti ya maana inatoka ku inje, wakubwa waliiamini wakati huohuo walipotukataza kravati.

Mwaka 1973 maduka na makampuni ya wageni yakanyanganywa na kupewa wenye inchi, wengi wao bila ujuzi wa biashara. Nyuzi, vifungo na vipuri vya mashini vikawa shida. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza vyama vingi, na kravati ikarudi. Kiisha wakaja uporaji wa 1991 na 1993, na vita. Filtisaf ikanyamaza. Ku Kinshasa, kampuni iliyorithi Utexléo ilijaribu kusimama mbele ya vitambaa vya bei ya chini vya Uchina, nayo ikafunga kiwanda mwaka 2007.

Vijana wakajitafutia heshima yao kwingine. Wasapeur, ambao Papa Wemba aliwapa sifa dunia nzima mpaka alipokufa jukwaani Abidjan mwaka 2016, waliapa kwa grife: jina la nyumba ya Paris ao ya Tokyo ndani ya kola. Mimi siwacheki. Mutu aliyenyanganywa kila kitu ana haki ya kupendeza. Tena walitufundisha kitu kimoja: kugeuza koti na kusoma jina lililo ndani. Ubaya ni kwamba lile jina ni la mwenye nyumba. Aliyeshika sindano hajaandikwa.

Na huyo asiyeandikwa wakati mwingine anakufa. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, ku Bangladesh, lilianguka na kuua watu 1,134. Wengi walikuwa washoni wa nguo za bei ya chini zilizokuwa zikipelekwa Ulaya na Amerika. Siku moja mbele yake nyufa zilionekana ku ukuta. Washoni waliogopa, lakini waliamrishwa kurudi ku kazi. Nguo za namna ile, zikiisha kuvaliwa na kuchokwa, ni zile tunazozikuta ndani ya balo.

Fundi wa kambi

Sisemi mitumba ni adui. Tulipovuka ziwa toka Kigoma kuja Baraka, miaka ile ya 2005 na kufuata, wengi wetu tulishuka na nguo za mitumba, na zilitufunika. Tunashukuru. Lakini wale waliofika na kazi ya mkono wao walikuwa na kitu ambacho maji hayawezi kuzamisha.

Niungame hapa. Kule kambini, mu Lugufu, kulikuwa muzee moja fundi. Alinishonea suruali na koti ya ndoa yangu. Tulipatana bei, nikamupa nusu. Siku ya kuchukua nikamwambia, "Baba, nitakuletea nyingine kesho." Ile kesho haikufika. Nilijiambia: ni fundi tu, mashini haikuli. Miaka ikapita, kambi ikafungwa, na sijui alielekea wapi. Koti ninayo mpaka leo. Haijaachia hata uzi. Kila ninapoivaa ku kanisa, ninavaa deni.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kama kiwanda cha mbali kinalipa watu wake, tuulize kama sisi tunawalipa wa hapa.

Namna ya kujua kazi nzuri

Mafundi wetu wamenifundisha haya. Geuza nguo ndani inje: mshono ufungwe mara mbili, usiwe na nyuzi zinazoning'inia. Angalia kama kuko kitambaa cha akiba ku kiuno na ku miguu, ili nguo ikuwe pamoja nawe. Kama kitambaa kina mistari, mistari ya mfuko ikutane na ya kifua. Tundu la kifungo lishonwe karibukaribu. Mukaba, kunja: ngozi ya kweli inajikunja na kurudi, ile ya vipande vilivyogandishwa inapasuka. Viatu, angalia kama soli imeshonwa ao imebandikwa tu. Iliyoshonwa unaweza kuitengeneza tena.

Kiisha uliza: nani alikata? Nani alishona? Wanafunzi wa kazi wanapata kitu ao wanakula hewa? Fundi mwema hakasiriki. Kwa upande wa kitambaa, tuseme kweli: kingi kinachouzwa soko kinatoka mbali, na mikono iliyokifuma hatuioni. Tunachoweza kusimamia kwa macho yetu ni ushoni. Tuanzie pale.

Shauri yangu kwa mkutano

Bei ya fundi itapita bei ya balo. Wafadhili, tunawaambia wazi, ili musishangae mukiona hesabu. Lakini ile franga inabaki kijijini: inalipa masomo ya mtoto, inanunua mafuta ya mashini. Na koti ikipasuka, tunajua mlango wa kupiga hodi.

Ninaomba mambo matatu yapigiwe kura. Kwanza, makoti ya wazee yashonwe na mafundi wanachama. Pili, walipwe nusu siku ya kupimwa na nusu siku ya kuchukua, palepale, pasipo "kesho". Tatu, kila fundi aandike jina lake kwa uzi ndani ya kola.

Ile nusu ninayodaiwa na muzee wa Lugufu nitaiweka ku kasha la mafundi, mbele yenu wote. Na kama yuko kati yenu anayejua alikoelekea, anijulishe.