Kura Ichague pa Kutazama, si wa Kushinda

Hapa Kerugoya, kesi ya shamba ni kama mbuni: kila hoja hutoa tawi jipya. Wazee wa kiama cha Wagikuyu walilijua hilo. Wakishasikiliza hadharani, wachache walijitenga katika ndundu, baraza la faragha, wakazichuja hoja.

Neno ‘kura’ latokana na Kiarabu, qur'a, yaani kuamua kwa kubahatisha. Mnamo 1946, mwanahisabati Stanislaw Ulam, akicheza karata peke yake, aliwaza hivi: badala ya kuhesabu njia zote, mbona usijaribu chache kwa kubahatisha? Mwaka wa 2016, programu ya AlphaGo ilichanganya mbinu hiyo na mashine kujifunza kwa mifano, ikamshinda bingwa wa mchezo wa Go, Lee Sedol, mara 4 kwa 1.

Je, mashine ituamulie mipaka basi? Hebu tutulie. Katika Go, kanuni humtaja mshindi. Shambani, twabishania hata haki yenyewe. Naona kura yaweza kutuonyesha tawi la kuchunguza kwanza, tuokoe miaka mahakamani. Uamuzi wenyewe, tuuachie ndundu.