Lenaola, Isaac

Isaac Lenaola ni jaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya tangu 2016. Kabla ya kuvaa joho alikuwa kamishna katika Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya, kisha akawa jaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.

Wakazi wa Eastlands, Nairobi, wana sababu ya kulikumbuka jina lake: Muthurwa. Mtaa huo wa makazi ya wafanyakazi wa reli, ulio kando ya Barabara ya Landhies karibu na soko la Gikomba, ulikuwa mikononi mwa mfuko wa pensheni wa shirika la reli. Julai 2010 ubomoaji ulianza wapangaji wakiwa bado wanaishi humo, baadhi yao wastaafu wa reli hiyohiyo. Walikimbilia kortini. Agosti 2013, Lenaola aliamua kuwa haki yao ya makazi, iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba, ilikiukwa. Hakuwapa umiliki wa nyumba. Aliamuru pande zote zikae pamoja zipange namna ya kuhama kwa utu, na serikali ieleze sera yake kuhusu kufurusha watu. Ni hukumu yenye uzito mkubwa kwa mpangaji maskini wa Nairobi.

Tarehe 1 Septemba 2017 alikuwa miongoni mwa majaji wanne waliofuta matokeo ya uchaguzi wa rais, wawili wakipinga.